Gari la Boksi la Kiroboto

Jumapili, 2 Machi

Mdogo wangu mpenzi, salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa wifi yako, na kutoka kwa mwanao, huyu Kiroboto asiyetulia mahali pamoja. Hujambo? Kifua kinasemaje? Unapata usingizi, au bado unakaa kitako kukohoa mpaka kunakucha? Unakula? Nijibu moja moja. Usiniambie tu "nzuri, kaka" kama ulivyozoea tangu utotoni, maana hata siku ile uliyoanguka ukavunjika mkono ulisema "nzuri."

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua imeanza leo tukiwa kanisani, imepiga bati mpaka mhubiri akanyamaza na sisi tukaimba tu. Wazo la kuandika ni la wifi yako. Anasema simu ya wodi ni ya Jumapili tu, na mimi nikishaishika naanza kusalimia mpaka muda unakwisha sijasema kitu. "Andika," akaniambia. "Mvua zikiisha tumpelekee, asome kitandani." Basi nimenunua daftari la watoto wa shule, jalada la kijani, na hapa ndipo nitakapokuwa naongea na wewe.

Leo ulipopiga, mwanao aliingia chini ya meza. Sikufichi. Kile kitambaa cha plastiki chenye maua ya manjano kinashuka mpaka karibu na sakafu, kwa hiyo akishaingia humo ni kama amefunga mlango na kutia komeo. Nikaisukuma simu kwa chini. Ikarudi, imesukumwa kwa mguu. Nilicheka, kisha nikamwona wifi yako hacheki.

Tangu gari la wagonjwa likuchukue pale mlangoni hajapanda gari la aina yoyote. Shule anakwenda kwa miguu. Ukimtajia gari anakakamaa kama soli mpya. Na hospitali yenu haiendeki kwa miguu, unajua mwenyewe. Daktari amesema mvua zikiisha, vipimo vikiwa safi, mtoto ataruhusiwa kuja kukuona. Kwa hiyo namwomba Mungu mawili: akuponye wewe, na huyu apande gari.

Jumanne, 4 Machi

Soli, soli, soli. Mvua imefumua midomo ya viatu vya mtaa mzima. Mgongo hauna hali.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nina jambo! Naandika haraka kwa furaha, usinicheke mwandiko.

Kiroboto alitoka shule akaja kibandani kwangu kama kawaida, akakaa kwenye kigoda cha wateja, miguu inaning'inia. Ng'ambo ya barabara, kwenye duka la majokofu, walikuwa wameshusha jokofu jipya na boksi lake wameliacha nje kwenye manyunyu. Akalitazama weee. Mimi nagonga kisigino, misumari nimeibana kwa midomo.

"Mjomba."

"Mmh."

"Boksi lile linaweza kuwa gari?"

"Mmh?"

"Gari la wagonjwa."

Nusura niimeze misumari yote. Sikumuuliza kwa nini la wagonjwa na si lingine. Nilihofia nikiuliza atafunga mdomo. Nilivuka barabara mbio, kiatu cha mteja bado kiko mkononi, nikamwambia muuza majokofu, "Naomba boksi!" Akakitazama kiatu, akanitazama mimi, akasema, "Chukua, mzee, chukua tu, usinipige."

Mtoto aliyekuwa hataki kusikia neno gari, leo ameomba gari. Na ameomba lile lile. Nimeshukuru pale pale barabarani, boksi kichwani.

Ijumaa, 7 Machi

Wifi yako amesimama mlangoni, beseni la nguo kiunoni.

"Hili jumba ni la nani?"

"La Kiroboto. Ni gari."

"Halina hata taa, limeshajaza chumba. Mimi nitapita wapi?"

"Utapita juu."

Hakucheka. Ametoa amri: pasi yake, mkasi wake na kitambaa chake cha meza nisiviguse. Nimekubali vyote. Lakini alipodhani sioni, nimemwona akilipapasa boksi kwa vidole kama anayechagua kitambaa dukani.

Jumamosi, 8 Machi

Kabla ya gari, nikueleze jirani yetu mpya, maana alihamia wewe umeshaondoka. Ni mzee aliyekuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Watoto wanamwita Breki, kwa sababu mtu akipita mbio anapiga kelele, "Simama hapo!" Chumba chake na chetu ukuta ni mmoja. Mtu huyu, Mungu anisamehe, simpendi. Mimi nikigonga mara moja, yeye anagonga ukuta kwa ufagio mara kumi. Leo ametoa kichwa kwenye korido, mvua inamwagika nje, akasema, "Fundi! Unajenga safina? Utuambie mapema basi, na sisi tufungashe!"

Nilikuwa na kazi. Nimefanya kama ninavyojua mimi: nimempima Kiroboto kwa utepe, mabega, kiuno, urefu wa mguu, nikachora kwenye karatasi, nikakata. Pembe nimezishona kwa uzi wa viatu uliopakwa nta, kila pembe nimeitia kipande cha ngozi isichanike. Juu nimetoboa tundu la kupita kiwiliwili, nikafunga mikanda ya begi bovu, alivae mabegani atembee nalo. Halafu nimelipaka lote ile rangi nyeupe ya raba za shule, chupa nzima. Limekuwa jeupe, safi, linang'aa! Nimechora msalaba mwekundu kila ubavu. Nimesimama nimelitazama mpaka mteja mmoja aliyefuata viatu vyake nyumbani akaniuliza kama niko mzima.

Kiroboto akaja. Akalizunguka. Akainama, akachungulia ndani kwa chini. Akakaa hapo kidogo. Akainuka.

"Bado, mjomba," akasema, akaenda zake.

Jumapili, 9 Machi

Ulipiga. Chini ya meza.

Jumatano, 12 Machi

Nimegundua kasoro: magurudumu. Gari gani halina magurudumu? Nina mpira wa tairi la lori ninaokatia soli za ndala. Nitakata mazuri yenye meno. Mvua haijakatika toka juzi.

Jumamosi, 15 Machi

Magurudumu manne, yanazunguka kweli! Milango ya nyuma miwili, inafunguka na kufungwa kwa vifungo vya viatu vya wanawake. Nilikuwa na furaha hata chai sikunywa.

Akaja, akazungusha gurudumu kwa kidole, akafungua milango ya nyuma. Akachungulia.

"Bado."

"Bado nini, mwanangu? Niambie."

Akainua mabega tu. Mikono yake ilikuwa imejaa rangi nyeupe, akajifuta kwenye sketi ya shule. Wifi yako amenifokea mimi.

Jumapili, 16 Machi

Chini ya meza. Wewe ulisema, "Mwache, kaka, asilazimishwe," kisha sauti yako ikapotea. Muuguzi alichukua simu akaniambia kwa upole kwamba dawa unakunywa, lakini sahani ya chakula inarudi kama ilivyokwenda. Mdogo wangu, dawa zile ni kali, zinataka tumbo lenye kitu. Akasema pia wagonjwa wengi wanapona kwa kuwa na mtu anayewangojea. Wewe unaye. Yuko chini ya meza tu.

Alhamisi, 20 Machi

Taa! Nimeweka kikombe chekundu cha plastiki juu ya paa, ndani yake kurunzi ndogo. Ukiwasha, korido nzima inakuwa nyekundu. Breki amegonga ukuta: "Fundi, nyumba inaungua?"

Kiroboto alitabasamu alipoona taa. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Akainama, akafungua milango ya nyuma, akachungulia. Tabasamu likaondoka polepole.

"Bado, mjomba."

Nilirudi kibandani nikakaa mbele ya kile chuma cha kugongea viatu, nikashindwa kugonga chochote. Nimesali hapo hapo, nyundo mapajani. Nimemwambia Mungu: nimeweka kila kitu ambacho gari linatakiwa kuwa nacho. Kama kuna kilichobaki, nionyeshe, maana mtoto huyu hasemi na mimi sioni.

Jumamosi, 22 Machi

Kaa vizuri, weka mto nyuma ya mgongo. Habari ya leo ni ndefu.

Asubuhi mvua ilikuwa ya rasharasha. Kiroboto alikuwa kwenye korido analizunguka gari lake, mimi niko ndani navuta uzi, mlango wazi. Nikasikia mlango wa Breki unafunguka. Nikajua sasa yanakuja malalamiko. Nikaacha sindano, nikajiandaa kutoka nikajibizane naye.

"Dereva wa gari hili nani?" akauliza Breki.

"Mjomba amesema mimi."

"Umelikagua?"

Nikasikia ndala zake zikikwaruza sakafu.

"Hee! Unataka kuondoa gari hujalikagua? Utanyang'anywa leseni wewe. Sogea hapa. Tairi?"

"Zipo."

"Zipige teke. Dereva hakagui kwa macho." Nikasikia teke, teke, teke, teke. "Taa?"

"Ipo."

"Milango?"

"Ipo."

"Haya. Mgonjwa yuko wapi?"

Kisha nikamsikia anasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Hana pa kulala."

"Aa! Kweli. Gari la wagonjwa halina pa mgonjwa. Fundi wako ana akili za viatu." Nikasogea karibu na mlango nisikie vizuri. "Na wewe utakaa kwenye usukani?"

"Hapana. Nataka kukaa pembeni ya mgonjwa."

"Kwa nini usiendeshe? Mimi nimeendesha maisha yangu yote, ni raha."

"Lile jingine halikuwa na pa mtoto," akasema Kiroboto. "Nilikuwa nimeshaweka mguu. Yule mtu akasema hakuna nafasi ya mtoto. Akafunga mlango."

Siku ile, mdogo wangu, ulikuwa umeshalazwa ndani ya gari, macho umefumba, mimi nahangaika na mfuko wako wa nguo, wifi yako anatafuta kadi yako ya hospitali. Hakuna aliyeona mguu wa mtoto ukiwa kwenye ngazi ya gari. Ndala yake ilikatika siku hiyo hiyo. Niliishona kesho yake kama ninavyoshona ndala zote, sikujiuliza imekatikia wapi.

Nikatoka, nikalitazama gari langu. Tundu moja. Mikanda ya mabega ya mtu mmoja. Mimi nimezoea kupima mguu, na kiatu kinavaliwa na mmoja. Siku zote hizi nilikuwa namshonea mtoto kiatu kikubwa chenye taa! Na yeye kila akiinama anatafuta nafasi ya mama yake na nafasi yake, hazioni, ananiambia bado, kwa adabu.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, au machozi yalitoka kisha nikacheka, sikumbuki mpangilio. Breki akanitazama, akaingia chumbani kwake, akarudi anaburuta ule ubao wake wenye magurudumu ya chuma anaowekea mtungi wa gesi.

"Mtungi utakaa chini," akasema. "Hautalia. Liweke gari juu ya hili. Lirefushe. Boksi lingine unalo?"

Sina. Lakini nilikuwa nimeshavuka barabara!

Jumapili, 23 Machi

Chini ya meza. Lakini simu nilipoisukuma haikurudi! Ilikaa kule ndani mpaka muda ulipokaribia kwisha. Hakusema neno. Nilipoichukua ukaniambia, "Kaka, nimesikia anapumua." Na mimi nakwambia nimekuona kwa sauti yako, ulikuwa unacheka.

Jumatano, 26 Machi

Tunafanya kazi watatu sasa. Mimi nashona, Breki anasimamia, Kiroboto anamsimamia Breki. Mzee anasema hivi, mtoto anasema vile, mzee anasema, "Sawa, bosi." Mtu huyu nilimwona mkorofi. Kumbe mtu akiishi peke yake sauti inakaa muda mrefu bila kutumika, ikitoka inatoka na kutu. Leo alinigongea ukuta kwa ufagio tena. Nilipokwenda, alitaka kuniuliza kama nimekunywa chai.

Wifi yako alipita na beseni, akasimama.

"Mgonjwa atalala juu ya kadibodi tupu? Hamna haya?"

Amerudi na godoro dogo alilolishona kwa blanketi kuukuu na kulijaza vitambaa. Limepigwa mishono ya almasi, kama la dukani. "Sijashiriki," akasema. "Nimeonea huruma mgongo wa mgonjwa."

Jumamosi, 29 Machi

Limekamilika! Maboksi mawili ya jokofu yameunganishwa, yako juu ya ubao wa Breki, linasukumwa linakwenda. Ndani kuna kitanda upande mmoja. Upande wa pili kuna kiti kidogo cha kadibodi iliyokunjwa mara nyingi, na Breki amekifungia mkanda wa suruali yake uwe mkanda wa kiti. Nimelipaka rangi nyeupe ya raba kila mahali.

Kiroboto akafungua milango ya nyuma. Sisi wote tumesimama. Akaingia, akalala kitandani. Akainuka, akakaa kwenye kiti, akafunga mkanda, akaweka mkono juu ya godoro, pale ambapo mkono wa mtu ungekuwa. Akakaa hivyo.

Hakusema "bado." Alisema, "Kesho, likikauka." Na akafunga milango polepole.

Nimelala na viatu.

Jumapili, 30 Machi

Mungu ni mwema. Naanza na hilo, ili usiogope nikikueleza yaliyotokea.

Tulikwenda kanisani watatu, mvua kubwa, ile ya kukufunga macho. Gari tuliliacha kwenye korido likauke. Tuliporudi, mlangoni kulikuwa na maji meupe yanatoka nje, meupe kama maziwa. Nilipoyaona tu nikajua. Mimi fundi viatu wa miaka yote, nimepaka gari rangi ya raba, rangi ambayo watoto huisuuza kwa maji ya bomba! Sikufikiria. Nilifikiria weupe tu.

Mfereji wa paa ulikuwa umepasuka juu ya korido. Na gari halikuwepo pale.

Tukalikuta chumbani kwa Breki, juu ya kitanda chake. Alilivuta peke yake, na magoti yake mabovu, akalipandisha juu ya shuka zake. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama chini ya mfereji na sufuria yake ya kupikia, anakinga maji anamwaga nje, anakinga anamwaga, ndevu nyeupe, shati jeupe, kama mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga.

"Nimechelewa," akasema. "Nilikuwa nasikiliza redio, fundi. Nimechelewa kidogo."

Paa lilikuwa limebonyea. Ubavu mmoja umekuwa uji. Msalaba umechuruzika mpaka kwenye magurudumu. Kiroboto alisimama mlangoni na nguo zake za kanisani. Mdogo wangu, nimewahi kuogopa mara chache maishani kama nilivyoogopa uso ule.

"Limekufa?"

"Gari halifi," akasema Breki. "Linaharibika, linatengenezwa. Mimi lori langu liliwahi kuzama mtoni mpaka dirishani."

Kiroboto akasogea. Akaweka mkono kwenye ule ubavu laini.

"Halijaharibika," akasema. "Linaumwa."

Basi! Mtu angetuona! Kiroboto akawa daktari. "Mjomba, shona hapa. Mzee Breki, shikilia." Wifi yako alitazama, akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Pasi yangu iko wapi?"

"Si ulisema nisi..."

"Nimekuuliza iko wapi, sijakuuliza nilisema nini."

Akapiga pasi kadibodi, mdogo wangu. Alitandika kitambaa juu, akapiga, mvuke ukajaa chumba, harufu ya boksi lililolowa utadhani tunapika godauni. Ubavu ukaanza kukauka, ukanyooka. Palipobaki uji mtupu nilikata nikatia kiraka cha ngozi, mshono wa buti. Breki akapanga fimbo za mwavuli mbovu chini ya paa. Tukalisogeza chumbani kwetu, kwenye pakavu.

"Sasa linataka koti," akasema daktari. "Lisilowe tena."

Akatazama huku na huku. Akaenda mezani. Akashika kile kitambaa cha plastiki chenye maua ya manjano kwa mikono miwili, akavuta. Bakuli la sukari likaruka. Sukari imemwagika sakafuni na hakuna aliyeinama kuiokota. Tukalivika gari koti la maua, nikalishona pembeni kwa uzi wa nta. Lilipendeza kuliko lilipokuwa jeupe. Kweli nakwambia.

Na hapo hapo simu ikalia. Wewe.

Kiroboto akageuka kwenye meza yake. Meza ilikuwa miguu minne na hewa. Unaona mpaka upande wa pili. Akaitazama, akatutazama sisi, simu inalia. Mimi nimeishika, sijui niipeleke wapi.

Akafungua milango ya nyuma, akaingia kwenye gari, akakaa kwenye kiti chake. Nikasikia mkanda ukifungwa. Kisha mkono ukatoka kwenye upenyo wa milango, kiganja juu.

"Leteni."

Ulichosema wewe unakijua. Wewe hujaona upande wetu, kwa hiyo nakuandikia: wifi yako amekaa chini kwenye sukari, kanga mdomoni. Breki ameugeukia ukuta anauchunguza kama anataka kuununua. Na sauti kutoka ndani ya boksi inasema:

"Mama. Kuna pa mtoto."

"Eeh."

"Eeh."

"Hapana, wewe huendeshi. Wewe unalala, mimi nakaa hapa."

"Umekula?"

"Kula basi. Mzee Breki amesema gari likiwa tupu linarukaruka."

Jumanne, 1 Aprili

Viatu vingi. Naimba tu. Mteja ameniuliza kama nimeshinda kitu.

Alhamisi, 3 Aprili

Muuguzi wako, ambaye kumbe anaishi mtaa wa pili, amepita kibandani kuchukua viatu vyake vyeupe alivyoniachia. Anasema umemaliza sahani jana na juzi, na ukaomba nyongeza ya maharage. Nimemshonea na jozi nyingine bure.

Jumapili, 6 Aprili

Kiroboto alikaa ndani ya gari na simu kuanzia baada ya ibada, wewe hujapiga bado. Meza haina kitambaa mpaka leo. Wifi yako anasema ameizoea hivyo, ni rahisi kufuta.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo!

Utingo wa Breki wa zamani siku hizi ana teksi. Breki alimwita, na naona alimfundisha maneno kabla, maana yule bwana alishuka, akafungua mlango wa nyuma mpaka mwisho, akasimama pembeni kama askari. Mvua hakuna. Jua limetoka, barabara inafuka mvuke.

Kiroboto akazunguka. Akapiga teke tairi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akaomba taa ziwashwe. Zikawashwa. Akaja kwenye mlango ulio wazi, akainama, akachungulia. Mdogo wangu, nilikuwa nangojea lile neno lake. Masikio yangu yalikuwa yamesharudi nyuma kama ya mbuzi.

"Mtoto anakaa wapi?" akauliza.

"Hapa," akasema yule bwana. "Au hapa. Au hapa katikati. Pote ni pako, bosi."

Akaweka mguu ndani. Akautoa. Nikafumba macho.

"Mjomba, shika." Ananipa ndala zake, zote mbili. "Zisikatike."

Akapanda, miguu mitupu. Akakaa, akasogea, akapapasa nafasi ya pembeni yake. Kisha akatuita, mimi na wifi yako, "Njooni, kuna nafasi!" Yule bwana alitaka kufunga mlango. "Nafunga mwenyewe," akasema. Akaufunga. Paa!

Tumekwenda mpaka kituo cha mafuta na kurudi. Breki amekaa mbele, mguu wake unakanyaga breki isiyokuwepo njia nzima. Kiroboto alikuwa amekakamaa mpaka kona ya kwanza, ameshika kidole changu mpaka kikafa ganzi. Kona ya pili akachungulia nje. Tulipofika nyumbani alisema, "Tena." Tukazunguka tena. Alitapika kidogo kwenye kofia ya Breki, na mzee akasema hakuna dereva mkubwa ambaye hajatapika.

Ndala bado ninazo mfukoni ninapoandika.

Jumapili, 13 Aprili

Mdogo wangu, mvua zimeisha. Wifi yako ameanika magodoro yote nje, na lile dogo lenye almasi liko katikati yao. Muuguzi atapita kesho, nitampa daftari hili akuletee. Usisome lote kwa siku moja ukachoka.

Nimebakiza mawili. La kwanza ni langu: daktari ametaja siku gani ya mtoto kuja kukuona? Teksi iko tayari. Breki ameshafua kofia.

La pili ni la mwanao, amekaa hapa magotini pangu anahakikisha naliandika kama alivyosema. Anauliza: ukirudi nyumbani, kwenye gari lake la boksi utalala au sasa unaweza kukaa? Kama bado unalala, kitanda ni chako na yeye yuko pembeni. Lakini kama umepata nguvu za kukaa, basi wewe utachukua kiti cha mtoto, ufunge mkanda wa Breki, na yeye ndiye atakayelala, kichwa kwako. Anasema mimi ni lazima nijue mapema, kwa sababu kiti kimepimwa kwa mtoto na itabidi nikipanue.

Tafadhali tujibu upesi, hata mistari miwili inatosha.

Kaka yako